Siku Tuliyojaribiwa



Jioni moja, tukifanya mazoezi ya kwaya karibu na ufuko wa Kalundu, mmoja wetu alianguka. Kwanza mkono wake wa kuume ulitikisika peke yake. Kisha mwili mzima ukakakamaa. Sisi tulirudi nyuma. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba anayeguswa na povu la mwenye kifafa, naye ataanguka. Mama mmoja muuza ndagala ndiye aliyeweka kitenge chini ya kichwa chake, akamgeuza ubavu, akangoja mpaka alipozinduka.

Baadaye muuguzi alitufundisha kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba mara nyingi mtikisiko unaoanza katika kiungo kimoja huwa umeanzia sehemu moja ya ubongo. Dawa anayomeza ndugu yetu, fenobabitali, imetumika tangu mwaka 1912. Huwafaa wengi, lakini si wote. Kwa hiyo dawa nyingine hutafutwa, nazo hazijulikani kuwa zinafaa mpaka watu wakubali kuzijaribu.

Wako waliokubali hata katika nchi yetu. Huko Logo, katika Ituri, kifafa huhusishwa na minyoo inayoenezwa na usubi wa mito iendayo kasi. Wagonjwa wa huko walijaribu ivermektini pamoja na dawa zao za kifafa. Kura ndiyo iliyoamua nani aipate mara moja na nani aingoje. Aliyengoja naye alikuwa na kazi: bila yeye, nafuu ya mwenzake isingepata kipimo. Katika majaribio ya haki hakuna anayelazimishwa, na kila mmoja aweza kujitoa.

Tulipomsimulia ndugu yetu habari hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Wale walijaribiwa wakakubali. Nanyi mlijaribiwa siku ile.”

Hatukuwa na jibu. Katika Injili ya Marko, sura ya 9, wanafunzi walishindwa kumponya kijana aliyeanguka motoni na majini. Wao walishindwa wakiwa wamejaribu. Sisi hatukunyoosha hata mkono.

Sasa tunapokezana kumkumbusha vidonge vyake, maana kuviacha ghafla ni hatari. Ziwani hatumwachi aoge peke yake.

Tuulizane kikundini: ni nani kati yetu anayeanguka, nasi tungali tumesimama mbali?