Taa ya Kwihara

Kazi yangu ni kutengeneza filamu za mambo ya kweli, zisizo na waigizaji. Mwaka 2006 nilitoka Unguja kwenda Tabora kwa gari moshi, nikiifuata njia kongwe ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji. Nilitafuta magofu. Nilipiga picha za miembe mikongwe, ambayo wenyeji husema iliota kutokana na kokwa za wasafiri, na za tembe la Kwihara, lililojengwa upya pale alipokaa Livingstone mwaka 1872. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita njia hiyo na mizigo ya frasila mbili mabegani. Waliofungwa minyororo nao walipita, wakiletwa kwetu pwani.

Karibu na hapo bibi mmoja alinikaribisha kwake. Juu ya bati lake palikuwa na kibao cha umeme wa jua kisichozidi ukubwa wa sinia. Usiku aliwasha taa yake moja, wajukuu wakasoma.

“Mwanangu,” akaniambia, “mbona unapiga picha za waliokufa tu? Na taa hii je?”

Nikacheka. Nikamwambia kanda zangu ni chache, nami nimefuata historia. Na betri ya kamera yangu, usiku ule ule, ilikuwa ikijazwa kwa umeme uliokusanywa mchana na kibao chake.

Kesho yake nilipishana na baiskeli zilizolemewa na magunia ya mkaa, nikaona magogo ya miombo yamepangwa kando ya mabani ya kukaushia tumbaku. Hayo pia sikuyapiga picha.

Mwezi Mei 2008 njia ya umeme iletayo nishati Unguja kutoka Bara kupitia chini ya bahari iliharibika. Tulikaa gizani takriban mwezi mmoja. Mabomba yalikauka, jenereta zikanguruma vichochoroni Mji Mkongwe, nami nikaketi mbele ya kandili na kanda zangu nisizoweza hata kuzitazama. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi wa Kwihara. Sisi wa pwani tulizoea kungoja kila kitu kitoke bara: jana pembe na watu, leo umeme. Yeye taa yake hakungoja iletwe na mtu.

Desemba 2009 giza lilirudi, likakaa miezi mitatu. Mwaka 2010 nikafunga safari tena. Kibao kilikuwa bado juu ya bati. Mwenyewe alikwisha kuzikwa. Sina uso wake katika kanda yoyote.

Tangu siku hiyo kazi yangu imegeuka. Huzunguka vijijini na turubai jeupe, mashine ya kuonyeshea picha na betri iliyoshiba jua, nikiwaonyesha watu majirani zao waliojiwashia taa. Mara nyingi mama mmoja huuliza: “Na maharage, jua lako litayaivisha?” Siwezi kumdanganya. Kibao cha ukubwa wa sinia hakiivishi maharage, wala mabani hayajaacha kula miti. Humjibu kwamba mimi nimeleta habari ya taa tu, na kwamba swali lake nitalitia katika filamu ijayo.

Nami hulitia. Sasa, nikiambiwa “piga picha hii,” napiga kwanza, kisha ndipo nauliza kwa nini.