Unga wa Boriti

Wanachuo wenzangu, hali mnaijua: boom halijaingia, field imeshaanza, na ndugu aliyesema "njoo tu, hapa ni kwako" hapokei simu. Ndivyo nilivyoshuka botini pale Malindi, Unguja, saa nane mchana, na begi moja, bomba la michoro na hela ya kuhesabu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu. Nilipangiwa wiki nane katika ofisi inayokagua majengo ya zamani, na pa kulala sikuwa napo.

Kijana wa bandarini akanipeleka kwenye hoteli ndogo ndani ya Mji Mkongwe. Teksi haifiki. Unapita vichochoro ambavyo pikipiki ikija unajibana ukutani, unakata kulia, unakata kushoto, mpaka unaona mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba na baraza pande zote mbili. Jina sitalitaja. Kaka wa mapokezi alinitazama viatu, akatazama bomba la michoro, akacheka. "Mwanafunzi wewe. Haya, nitakufanyia bei ya nyumbani." Sh. 30,000 kwa usiku, na chai ya asubuhi ndani yake. Nikalipa siku tatu.

Niseme ukweli, hoteli ilikuwa imechoka. Ngazi zimesimama wima kama za mnara. Simu ya ukutani haijalia tangu zama hizo. Kiyoyozi kilinguruma usiku kucha huku kikidondosha maji kwenye ndoo. Maji ya moto yalikuja kwa kudra za Mungu. Lakini mahali ilipo, jamani! Dakika chache kwa miguu upo Forodhani unakula urojo. Alfajiri unaamshwa na adhana za misikiti mitatu, moja ikiifuata nyingine. Ukipanda darini kunywa chai, unaiona minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Joseph, mapaa ya mabati yenye kutu, bahari, na Jumba la Maajabu likiwa na pengo lake.

Pengo hilo ndilo lililonifanya niichague field ya Unguja. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka. Watu wawili walikufa. Nilikuwa bado sekondari, nikaona picha kwenye simu ya kaka yangu, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kuwa nyumba nayo inaweza kuugua muda mrefu kabla ya kufa.

Kwa msiosoma majengo, nieleze kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haurefuki sana, vyumba vingi vina upana wa kama mita tatu tu. Ndiyo maana ukilala humo unahisi umelala ndani ya jahazi. Chokaa inapumua: ukuta ukilowa, unyevu unapata njia ya kutoka. Ukipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unabaki ndani. Unaifuata boriti pale kichwa chake kilipozama ukutani, mahali ambapo hakuna anayepaona. Boriti iliyolowa ni karamu ya kuvu na wadudu.

Sasa ongeza utalii. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja, yenye choo kimoja au viwili huko chini, leo ni hoteli. Mgeni anataka choo na bafu chumbani kwake, ghorofa ya tatu. Asipovipata analalamika kwamba hoteli ni ya kizamani. Basi mabomba yanapandishwa, vigae vinabandikwa, na juu ya boriti za mikoko watu wanaoga mara mbili kwa siku.

Chumba changu kilikuwa na bafu ndani, na mimi siku ya kwanza nililifurahia. Siku ya tatu nikashuka jikoni, ghorofa ya pili, kuomba maji ya kunywa. Nikainua macho. Dari ilikuwa na doa la rangi ya chai, pana kama sinia, chini kabisa ya bafu langu. Plasta ilikuwa imevimba. Nikapanda kwenye stuli, nikachomeka kalamu ya risasi kwenye kichwa cha boriti. Ikaingia mpaka nusu. Nikajaribu ya pili yake. Ikaingia vilevile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikamweleza kwa adabu zote. Hakukasirika. Aliniagizia kahawa. "Kijana, umelipa siku tatu, sivyo? Kaa mpaka wiki iishe, usilipe. Ila hizo boriti tuachie wenyewe, tuna fundi wetu. Msimu huu tukifungiwa, hapa wanakula watu kumi na moja."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilikataa papo hapo. Sikukataa. Mfukoni nilikuwa na hela ya chapati na nauli ya daladala. Nikasema ahsante, nikapanda chumbani, na nikalala siku tatu za bure juu ya boriti nilizozijua kuwa zimeoza. Kuoga nikaacha, nikawa naoga bafu la chini. Ndivyo nilivyoituliza dhamira yangu: kwa kutokumwaga maji. Mchana ofisini nilijaza fomu za nyumba za watu wengine, nikiandika "nyufa", "unyevu", "hatua za haraka" kwa mwandiko mzuri.

Jikoni alikuwapo mama mmoja mtu mzima, sote tukimwita Bi Mkubwa. Ndiye aliyepika chai, vitumbua na mbatata za asubuhi. Kigoda chake kilikuwa chini ya doa lile, kwa sababu hapo ndipo upepo wa dirisha unapopita. Siku ya sita nilishindwa kumeza.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huli?"

Nikamwambia asogeze kigoda. Nikamwonesha dari. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba bahari ina chumvi.

"Kwani wewe umeiona leo? Mie unga wa boriti hiyo naufagia kila asubuhi, mwaka wa pili sasa."

"Na unakaa hapo hapo?"

"Nikakae wapi? Kazi iko hapa."

Usiku ule sikulala. Nilijua kwamba mimi nilikuwa mgeni wa wiki moja na nikaogopa kupoteza Sh. 90,000. Yeye alikuwa na miaka pale, na mshahara wake wote ulikuwa chini ya dari ile. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na fomu ya kujaza, na mimi nilikuwa nayo begini.

Asubuhi nikamweleza msimamizi wangu wa field kila kitu, pamoja na zile siku za bure. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika. Na hizo siku ukazilipe." Niliandika kurasa nne na picha. Siku mbili baadaye wakaguzi walifika. Walitia mihimili ya muda jikoni, wakafunga vyumba vitatu vya upande ule na kukata maji yake. Jiko likafungwa. Bi Mkubwa akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka aitwe, na mapumziko hayo hayakuwa na malipo.

Hapo ndipo ile furaha ya kutenda haki iliponitoka. Boom lilipoingia nilimtumia meneja Sh. 90,000 kwa simu. Alijibu neno moja: "Imefika." Kisha nikapanda daladala kwenda Ng'ambo kwa Bi Mkubwa, na kilo mbili za sukari mkononi, nisijue nitasema nini.

Alinikaribisha, akanipa chai. "Nilikukasirikia siku mbili," alisema. "Ya tatu nikakumbuka kwamba skuli zikifungwa, mjukuu wangu namchukua kazini, hukaa pale pale miguuni pangu." Akanyamaza. "Lakini nanyi mnaoandika, mkishaandika muulize na sie tutakula nini."

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni ripoti ya mwisho ya field, ambayo wengi wetu, tusidanganyane, tunainakili kwa waliotutangulia. Yangu niliiandika upya. Nilipendekeza ukarabati ufanywe kwa awamu: jiko lihamishiwe uani kwanza ili kazi isisimame, mabafu ya juu yapunguzwe na yale ya pamoja ya chini yaboreshwe, saruji ibanduliwe na chokaa irudi. Nikaeleza pia idadi ya watu wanaofanya kazi ndani ya nyumba ile. Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kuwaandika, nikawaandika pembeni.

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na wageni wanautazama kuanzia milango ya kuchonga kwenda juu. Siku hizi mimi nikiingia kwenye nyumba kongwe naanza kutazama dari, halafu namtazama aliyekaa chini yake.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Bi Mkubwa.

"Wameshakuita?"

"Bado. Lakini jiko la uani limeshaezekwa, na fundi wa chokaa kaanza kazi." Nikamsikia akimfokea mjukuu apunguze sauti ya redio. "Ukija, kuna vitumbua. Sukari yako haijesha."