Mfungo Ambao Pasaka Haikuufungua

Kanisa linatulazimisha kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wagonjwa hawabanwi na sharti hilo. Tunaanzia hapo kwa sababu mwaka huu, tukiwa kwenye utume katika jumuiya ndogo ndogo za Kariakoo, tulikutana na binti aliyeanza kufunga wakati wa Kwaresima, Pasaka ikapita, naye bado hali.

Mama yake anauza mchele. Mwanzoni majirani walimsifu binti: umependeza, umepungua. Alipobaki mifupa wakaanza kunong'ona, huyu akisema mapepo, yule akisema husuda. Kila akishauriwa kwenda hospitali alijibu kwa ufasaha kwamba yeye ni mtu mzima na haumwi. Mama akatuuliza: "Frateri, mwanangu ana akili timamu, hakuna swali asilolijibu. Nikimpeleka kwa nguvu, si nitakuwa namdhulumu?"

Kumpima si kazi yetu. Lakini madaktari wanaujua ugonjwa wa namna hii, wanauita anoreksia, na swali la mama ni la falsafa hasa.

Ugumu umejificha kwenye neno "timamu". Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo la kibinadamu hutoka katika akili na utashi kwa pamoja. Mgonjwa wa anoreksia anaweza kukueleza vizuri kabisa kwamba njaa inaua, huku hofu ya kunenepa imemkamata utashi. Tulipotumia mfano wa mizani, mama alituelewa haraka kuliko baadhi yetu darasani: mawe ni ya haki, mizani ni nzima, ila kuna kidole kinakandamiza sahani moja. Katekisimu, namba 1735, inataja hofu, mazoea na sababu za kinafsi miongoni mwa mambo yanayoweza kupunguza, hata kuondoa, uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Kwa hiyo wanaomwambia binti kama huyu kwamba anajiua na atajibu mbele ya Mungu wamekimbilia hukumu.

Mahakama za Uingereza zimewahi kulipima jambo hili. Juni 2012 Jaji Peter Jackson alisikiliza shauri la mwanamke wa miaka 32 aliyetajwa kwa herufi E tu. Aliwahi kusomea udaktari, na alikuwa ameandika kwamba hataki kulishwa. Jaji aliona kwamba anaelewa na anajieleza, lakini hawezi kupima faida na hasara za kula, akaamuru alishwe. Mwaka 2014 Jaji Cobb alikuwa na mgonjwa mwingine, X. Huyu naye alionekana hawezi kujiamulia kuhusu anoreksia yake, lakini kwa kuwa kulazimishwa kulishindikana mara nyingi, jaji hakuruhusu alazimishwe tena. Sisi tunaona hukumu zote mbili zina hoja: kukosa uwezo wa kuamua hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kufanya lolote.

Hapa kwetu, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua anayelazwa kwa hiari na anayelazwa bila hiari. Tulimwambia mama kwamba kumpeleka mtoto wakati kidole kiko kwenye mizani si dhuluma. Ajaribu kwanza kumshawishi, na hata akikataa, asiache kumsikiliza: nani amsindikize, nani asiambiwe.

Kuna waliomtolea binti mfano wa Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33, akiwa anakula kidogo mno. Hatuthubutu kumpima mtakatifu kwa vipimo vya leo. Ila anayemsimulia Katarina asimulie pia kwamba waungamishi wake walimsihi ale.

Na wajomba waliotaka kumshika wamlishe ugali nyumbani, tuliwaomba waache. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukipewa chakula kingi ghafla, chumvi muhimu za damu kama fosfeti hushuka na moyo unaweza kusimama. Chakula cha kwanza hupimwa na daktari, kidogo kidogo, damu ikichunguzwa siku hadi siku.