Waisraeli wa Jericho

Nairobi ina Jericho yake na ina Jerusalem yake, na kutoka moja hadi nyingine mtoto hakuhitaji nauli. Nilikulia Ofafa Jericho mwishoni mwa miaka ya sabini, katika mtaa uliobeba jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Nyumba zilikuwa za Halmashauri ya Jiji na kuta zake nyembamba; ugomvi wa jirani ulikuwa ugomvi wako. Kwetu tulikuwa Waanglikana wa St. Stephen's, Barabara ya Jogoo, lakini waliotutoa nje mbio kila Jumapili walikuwa Waisraeli.

Nasema Waisraeli kama mtaa ulivyosema: waumini wa African Israel Nineveh Church, kanisa aliloanzisha Zakayo Kivuli mwaka 1942 huko upande wa Vihiga, baada ya kuachana na wamisionari wa Kipentekoste wa Nyang'ori. Kanzu nyeupe, vilemba, bendera mbele, ngoma nyuma. Nguruwe hawali, pombe hawagusi, na Ijumaa kwao ni siku takatifu. Wayahudi wenyewe tulijua sinagogi lao tu, lile la karibu na Chuo Kikuu, tukilipita kwa basi. Hakuna aliyetuambia kwamba mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wazayuni nafasi ya kuhamia Uasin Gishu, nao wakaikataa miaka miwili baadaye.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Nineveh. Aliuza mboga sokoni, na Agano la Kale alilijua kuliko mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Alipojifungua binti, alihesabu siku zake kwa Walawi 12: mtoto wa kiume siku 40, wa kike 80. Dada yangu, aliyekuwa sekondari na ulimi usio na breki, akamuuliza, "Mama, kwani mbele za Mungu msichana ni uchafu mara mbili?"

Mama yetu aliinua mkono. Jirani akacheka. "Mwache, mama. Mwanangu, hilo hata mimi nimemuuliza. Hajanijibu. Lakini kuhesabu nahesabu."

Dada yangu alilichukia jibu hilo kwa miaka mingi, na hatimaye aliacha kanisa, letu na la kila mtu. Mimi nilibaki nalo kichwani kwa sababu nyingine. Kanisa hilo la kuhesabu siku lilikuwa likiongozwa na mwanamke. Kivuli alipofariki mwaka 1974, mkewe Rebecca Jumba alishika nafasi yake ya Kuhani Mkuu hadi 1983. Sisi Waanglikana, tuliojiona watu wa kisasa, mwaka huo wa 1974 hatukuwa na kasisi mwanamke hata mmoja nchini.

Kisha baba yake jirani akafa, na kaka yake mkubwa akaja Nairobi kumweleza jinsi shamba lilivyogawanywa. Walizungumza Kiswahili kwa sababu mumewe, Mjaluo, alikuwepo. Nasi tulisikia yote kupitia ukutani. Mama wa Nineveh hakutaja Sheria ya Urithi, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika 1981. Alifungua Hesabu 27: mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wamenena haki. Kaka naye alikuwa msomaji. "Selofehadi hakuwa na mwana. Baba yetu anao watatu." Kurasa zikafunguliwa upya. Mama akasoma Ayubu 42: Ayubu alikuwa na wana saba na mabinti watatu, na mabinti akawapa urithi kati ya ndugu zao. Kimya. Halafu kaka akarudi Hesabu, sura ya 36, pale mabinti wale wale wanapoamriwa kuolewa ndani ya kabila lao, ardhi isitoke. Hapo mumewe alikohoa.

Mama alipewa kipande cha kulima, bila karatasi.

Mabishano ya namna hiyo, andiko kwa andiko, ndiyo ambayo Wayahudi wamefanya kwa karne nyingi, na baadhi yao hawako mbali na Vihiga. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jamii iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo Marekani mwaka 2008, na katika sinagogi lao wanawake husoma Torati mbele ya watu. Marekani yenyewe, mwanamke, Sally Priesand, alifanywa rabi mwaka 1972, mwaka ule ule Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Urithi. Walawi 12 haikufutwa popote. Waliobadilisha mambo walikaa na kitabu kizima, pamoja na kurasa zinazouma. Ila dada yangu ana haki moja ambayo siwezi kumnyima: subira hiyo hulipwa na wanawake, siku 80 kwa 80.

Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia kuhusu ardhi uondolewe katika sheria, mila na desturi. Wewe mwenye shamba na mabinti, usiwaachie wanao kazi ya kushindana kwa sura na aya. Soma Ayubu 42, aya ya 15, kisha nenda ofisi ya ardhi ungali hai.