Barua kutoka Brussels: Deni la baba wa watoto

Ndugu zangu wa Goma,

Mama mmoja wa Ndosho amenitumia sauti kwenye WhatsApp. Aliachana na mumewe mbele ya tribunal de paix, hakimu akaamuru baba atoe pesa ya watoto kila mwezi. Baba akalipa kidogo, akasafiri, sasa yuko hapa Ubelgiji na simu hapokei. Mama anauliza: je, wazungu hawawezi kumkamata?

Wanaweza kumbana. Ila si kwa njia mnazosimuliana huko.

Kwanza niwaonyeshe wanavyobana wanaoishi na kufanya kazi hapa. Juzi nilikuwa saluni moja ya Matonge, hapa Ixelles. Baba mmoja wa kwetu, anayefanya usafi kwenye maofisi, akatoa fishi yake ya mshahara mfukoni na kutupitishia kama picha ya harusi. Kuna mstari mmoja katikati: pesa imekatwa kabla haijafika mkononi mwake. "Serikali hii inalea watoto wangu kwa mfuko wangu!" alilalamika. Dada aliyekuwa anasuka, bila hata kuinua macho, akamuuliza: "Ulitaka walelewe kwa mfuko wa nani?"

Huo mstari ndio siri yote. Hakimu wa familia anaweza kumpa mama ruhusa ya kupokea sehemu ya mshahara moja kwa moja kwa mwajiri. Anayedai deni la friji au la gari hapewi ruhusa ya kugusa mshahara mdogo, sheria inaulinda ili mtu asife njaa. Deni la chakula cha mtoto halizuiwi na ulinzi huo. Tena kuna SECAL, idara ya wizara ya fedha iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003. Baba akikosa kulipa angalau mara 2 ndani ya miezi 12, mama anayeishi hapa na mtoto wake anaweza kupeleka hukumu yake huko. Akitimiza masharti ya kipato anapewa pesa ya kutangulia, ambayo kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa euro 175 kwa mtoto kwa mwezi. Kisha serikali yenyewe inamfuata baba kudai, na gharama juu yake. Kugombana na mke wa zamani ni jambo moja. Kugombana na watu wa kodi ni jingine.

Mke wa zamani mwenyewe, achilia mbali watoto, naye anaweza kudai pesa yake. Ila sheria ya 2007 imeweka mipaka: pesa hiyo haizidi theluthi moja ya kipato cha anayelipa, na kwa kawaida haiendi zaidi ya miaka ambayo ndoa ilidumu. SECAL inaweza kumsaidia kuidai, lakini haimtangulizii kitu.

Msidhani hapa ni peponi. Mtu asiye na mkataba, anayelipwa mkononi jioni, hana fishi, na SECAL haina pa kushika. Vijana wetu wengi wako hivyo.

Goma sasa. Sheria tunayo, tena nzuri: Code de la famille ya 1987, ikarekebishwa mwaka 2016. Hakimu ana uwezo wa kuamuru pensheni ya chakula. Shida inaanza siku uisie wa mahakama anapotoka na hukumu mkononi. Atakamata nini? Baba anauza simu Birere, au anaendesha moto, au anapanda na kushuka Rubaya kwa ajili ya coltan. Mshahara wa kukatwa uko wapi? Halafu ikaja Januari 2025, waasi wa M23 wakauchukua mji. Benki zikafungwa, kazi ya mahakama za serikali ikasimama, pesa zikahamia kwenye simu. Mwenye hukumu ya 2023 akabaki na karatasi.

Na tuseme ukweli, hata kabla ya vita wengi wetu hatukufika kwa hakimu. Ndoa ikivunjika, wakubwa wa pande mbili wanakaa, wanahesabu mali ya mahari: ngapi zilitolewa, ngapi zirudi. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Tulibishana hadi usiku juu ya mbuzi, na hakuna aliyetaja karo ya shule.

Basi nimjibu mama wa Ndosho. Kuna mkataba wa La Haye wa 2007 unaowezesha nchi kusaidiana kudai chakula cha watoto. Ubelgiji imo, Kongo haimo. Kwa hiyo usingoje ofisi ya Goma imwandikie mwenzake wa Brussels. Milango iliyobaki ni miwili. Wa kwanza, avoka wa hapa aiombe mahakama iitambue hukumu yako ya Goma. Watataka nakala iliyothibitishwa, na kama mume hakufika kortini, uthibitisho kwamba aliitwa kweli. Wa pili, ambao mimi naupendelea, ni kumshtaki upya hapa anapoishi. Mahakama za Ubelgiji zinapokea kesi hiyo hata kama wewe na watoto mko Goma, na kwa kawaida hakimu atatumia sheria ya hapa anapoishi baba, yaani ya Ubelgiji.

Lakini utaulizwa: watoto hawa ni wake? Hapo ndipo wengi wanakwama. Kuandikisha mtoto kwenye état civil ni bure ndani ya siku 90. Zikipita unahitaji hukumu ya hakimu, na hakimu ndiye huyo ambaye kazi yake ilisimama M23 walipoingia. Aliye na acte de naissance aifiche pamoja na dhahabu yake, aipige picha na kumtumia ndugu aliye mbali. Kila ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money ambao baba aliwahi kutuma usiufute: unaonyesha kwamba alikuwa analipa, na mwezi gani aliacha.

Nanyi wababa mlio huku, ambao mmeachana na wake zenu: tumeni kwenye namba ya mama wa watoto mwenyewe, si kwa kaka yenu wala kwa shangazi, tena kabla ya tarehe ya karo.