Kususa Sataranji
Mchezaji wa sataranji mtandaoni akiona mfalme wake amezingirwa, kisha akatoweka bila kuaga, Kiswahili kina neno lake: amesusa. Nami hubaki nikiitazama saa yake ikienda, dakika kumi nzima, ilhali angeweza kusalimu amri mara moja. Ushindi napewa, heshima nanyimwa. Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Hata hivyo, adhabu yataka uangalifu. Programu haioni moyo wa mtu. Huona ukimya tu, na umeme ukikatika, ukimya wake ni uleule wa kiburi. Kwa hiyo aliyetoweka mara moja asamehewe, mwenye mazoea azuiwe kucheza kwa muda, na aliyeachwa aruhusiwe kudai ushindi bila kungoja saa imalizike.