Miti Nyuma ya Mabega

Nilipoanza kazi ya kupiga picha hapa Ogembo katikati ya miaka ya 1980, hakuna aliyenilipa nimpigie mti. Filamu tuliifuata mjini Kisii na bei yake ilikuwa kali. Ndani yake mlikuwa na picha 36. Fundi aliyejua kuipachika kwa uangalifu, bila kupoteza kipande cha mwanzo, alipata ya 37, na mara chache ya 38. Kila moja ilikuwa na mwenyewe kabla haijapigwa: bibi harusi, mtoto aliyebatizwa, kijana aliyetoka jandoni Desemba, mwalimu na baiskeli yake mpya. Ukinitafutia picha ya msitu niliyoipiga kwa makusudi miaka ile, hutaipata. Miti imo, tena tele, lakini imo nyuma ya mabega ya watu.

Aliyenifunza kazi alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara ya sokoni. Ukutani alitundika pazia lililochorwa kisiwa: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, meli kwa mbali. Mtindo ule ulikuwa na jina kubwa pwani. Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, ambako wateja walisimama mbele ya mandhari za rangi wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku yoyote. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, bingwa wa kukata na kuunganisha picha. Na katika Mji Mkongwe wa Unguja, ukoo wa Oza uliifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Sisi wa milimani tuliupokea mtindo huo kwa moyo mmoja. Mama alishuka kutoka Nyamache au Kenyenya, akaacha mzigo wake wa ndizi mlangoni, akajipangusa uso, akasimama wima mbele ya bahari ambayo hajawahi kuiona. Picha ile aliitundika sebuleni, nayo ikaheshimiwa na kila mgeni.

Nyumbani kwake, wakati huo huo, kulikuwa na miti ambayo mtu wa kisiwani angeishangaa. Milima ya Gusii hunyeshewa karibu mwaka mzima, masika na vuli hapa hazitengani sawasawa, na ardhi ikiachwa huota yenyewe. Omosocho wenye majani mapana ulifunika ua. Omotembe ulichanua mwekundu kabla ya kuvaa majani. Kando ya mto Gucha, unaopita hapa chini ya mji, mikuyu ilikutana juu ya maji.

Kivuli hicho ndicho kilichonifunza kazi, maana kamera haidanganyiki kuhusu mwanga. Kwa filamu ya nguvu 100, katika ua wa boma lenye miti yake ya asili, saa sita mchana, nilifungua tundu la lenzi hadi 4 na kuweka kasi ya sehemu ya 60 ya sekunde. Hata hivyo nyuso za wazee waliokaa karibu na shina zilitoka nyeusi tii, nikajifunza kuwasogeza ukingoni mwa kivuli, mgongo kwenye mti na uso kwenye uwazi. Niliziandika namba hizo katika daftari, kwa jina la kila boma, ili nikirudi nisipoteze picha.

Leo nikienda katika boma lile lile, saa ile ile, namba ni nyingine: tundu 11, kasi ya sehemu ya 250. Anayejua hesabu za kamera ataona mara moja kwamba mwanga umezidi mara 32. Jua ni lile lile. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kati yake na watu.

Hakikuondoka kwa siku moja, wala kwa ubaya wa mtu. Majani chai yaliingia kwa wakulima wadogo wakati wa uhuru, shirika la chai la KTDA likaundwa mwaka 1964, na baadaye Ogembo ikapata kiwanda chake cha chai. Chai ililipa karo. Mimi ni mmoja wa waliosomeshwa nayo, siwezi kuitukana. Lakini chai haitaki kivuli cha mti mkubwa, na kiwanda hukausha majani kwa moto wa kuni, na kuni za haraka ni mkaratusi, huu tunaouita blugamu. Mti huo uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi. Ukipandwa mtoto anapozaliwa, unauzwa nguzo kabla hajamaliza shule ya msingi. Baba mwenye wana sita na shamba la ekari mbili angefanyaje? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Ardhi iligawanywa mpaka mti wa kivuli ukawa anasa.

Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Niliona iliyokatwa, nikaona pia iliyochipua upya kutoka visiki vile vile. Mkaratusi unakunywa maji na kurudi. Na kivuli chake ni chembamba: ukimpiga mtu picha chini yake, uso unatoka na madoa ya jua kama ngozi ya chui, na miguuni hakuna nyasi.

Kwangu mabadiliko haya yaliambatana na mengine. Ogembo ilipofanywa makao makuu ya wilaya ya Gucha miaka ya 1990, ofisi zilikuja, na kila ofisi ilitaka picha ndogo: ya kitambulisho, ya kazi, ya mkopo. Kisiwa cha rangi kikashushwa, shuka jeupe likapanda. Kwa miaka mingi nilipiga vichwa visivyo na kitu nyuma yake. Ndicho kipindi nilichopata pesa zaidi, na ndicho nisichokiona nikipitia masanduku yangu: hakuna ua, hakuna mto, hakuna jirani anayepita na mbuzi. Miti mingi ya hapa ilianguka katika kipindi hicho hicho, na sina picha yake hata moja.

Simu za kamera zilipoenea, kazi ya studio ilipungua nusu, kisha nusu tena. Kampuni ya Kodak, ambayo jina lake hapa lilikuwa sawa na neno picha, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Vijana wa bodaboda wanapiga kwa siku moja picha nyingi kuliko nilizopiga kwa mwaka. Sina kinyongo. Binti aliye darasa la saba amenionyesha picha ya nyanya yake akichambua mboga ya chinsaga, mikono tu na majani, karibu kabisa, kazi ambayo kwa filamu nisingethubutu. Gharama iliyonifunga mimi haimfungi yeye.

Kazi ya studio ilipopungua hivyo, nilikwenda msitu wa Kakamega, kamera mpya shingoni, kwa sababu nilitaka kuona tena mwanga wa zamani. Msitu ule ni masalio ya mashariki ya msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Niliingia kwa upande wa Isecheno asubuhi, mbega wakiruka juu, nikatoa mita ya mwanga: tundu 4, sehemu ya 60, kwa nguvu 100. Namba za daftari langu, zile za maboma ya huku kwetu. Nilikaa juu ya mzizi nikashindwa kuinuka kwa muda. Kumbe tulikuwa tukiishi ndani ya kitu ambacho watu sasa wanalipa kiingilio kukiona.

Tangu hapo nimekuwa nikizitoa negativu masandukuni na kuzinakili moja moja kwenye kompyuta. Baadhi zimeshikwa na ukungu, zimeota nyuzi kama mizizi. Watu wanazifuata kwa sababu zao. Wengi wanataka sura ya marehemu, ikuzwe iwekwe juu ya jeneza. Ndugu wawili waliogombania mpaka walikuja kutazama harusi ya shangazi yao, wakahesabu miti nyuma ya maharusi, wakanyamaza, wakaondoka pamoja.

Hivi karibuni walikuja akina mama wa kikundi kimoja chenye kitalu cha miche kando ya Gucha. Walitaka kujua kando ile ilikuwa na nini kabla ya mkaratusi. Nikawatolea picha ya ubatizo mtoni, tukaipeleka kwa mzee mmoja wa huko juu. Mzee alivaa miwani, akawapita watu wote waliomo, hata mama yake mwenyewe, akaanza kutaja: omosocho, omotembe, mkuyu. Mti wa mwisho, upande wa kushoto, ulizua ubishi.

"Omogaka, huu si omoiri?" aliuliza mwenyekiti wa kikundi.

"Kuza, mwanangu, nione gome."

Nilikuza mpaka chembe za filamu zikaachana, gome halikuonekana. Omoiri ulichunwa sana Afrika kwa sababu gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake kati ya nchi inadhibitiwa. Mzee akasema ipo bado michache katika msitu wa Nyangweta, kule Mugirango Kusini, na kwamba yeye akiishika tu atajua kama ndio huu wa kwenye picha.

Tunakwenda matunda yakiiva. Mbegu ya omoiri haivumilii kukaa. Ikikauka haioti, lazima iokotwe na kupandwa mara moja. Kwa hiyo akina mama wameanza kujaza udongo kwenye viriba.